SOMO LA ROBO HII: NAMBA YA SUKARI INATUAMBIA NINI?
Somo kwa kamati za afya za sharika, pamoja na neno kwa wafadhili wetu



Robo hii tumechagua somo la sukari katika damu na ugonjwa wa kisukari. Sababu ni kwamba upimaji wa sukari sasa ni jambo la kawaida katika sharika zetu. Siku ya mavuno au siku ya mkutano wa wanawake utakuta meza imewekwa nje ya kanisa, muuguzi amekaa na mashine ndogo, na watu wamepanga foleni kuchomwa kidole. Ni jambo jema, nasi tunawashukuru wote wanaoliwezesha.

Lakini wengi huondoka pale mezani wakiwa na namba ambayo hawajui maana yake. Mmoja anakwenda nyumbani na hofu isiyo na sababu. Mwingine anakwenda amefurahi, wakati alipaswa kufika hospitali wiki hiyo hiyo. Wa tatu, ambaye tayari anatumia dawa, anasikia "sukari yako iko vizuri", akifika nyumbani anaweka vidonge kabatini na kumshukuru Mungu kwamba amepona. Huyu wa tatu ndiye aliyetusukuma kuandika somo hili.

Baada ya kusoma na kujadili, tunatarajia kila mwanakamati aweze:
- kueleza kwa lugha rahisi sukari ya damu ni nini;
- kuuliza maswali sahihi kabla ya kusema namba ni nzuri au mbaya;
- kutambua hali mbili za hatari, sukari kupanda mno na sukari kushuka mno;
- kupanga upimaji ambao hauishii mezani.

1. SUKARI YA DAMU NI NINI?

Watu wengi husema, "Mimi siweki sukari kwenye chai, kisukari hakinihusu." Hapa pana kutoelewana. Sukari inayopimwa kwenye damu haitoki kwenye kopo la sukari peke yake. Ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo, chapati na maandazi vyote ni vyakula vya wanga, na wanga ukifika tumboni huvunjwavunjwa kuwa sukari. Sukari hiyo huingia kwenye damu na kupelekwa mwili mzima kuwa nguvu ya kulima, kutembea na kufikiri. Kwa hiyo sukari katika damu si ugonjwa. Bila sukari hiyo hatuwezi kuishi.

Jambo la kushangaza ni udogo wa kiasi kinachohitajika. Mtu mzima ana damu ya takribani lita 5. Kabla hajala asubuhi, sukari iliyomo katika damu yote hiyo ni kama gramu 4 hadi 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwili hulinda kiasi hicho kwa uangalifu mkubwa. Tukila, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, nayo huiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli na viungo vingine. Inayobaki huhifadhiwa kwenye ini kama mahindi ghalani. Tukilala bila kula, ini hutoa akiba hiyo kidogo kidogo hadi asubuhi.

Wenzetu wanaomwagilia kwa mifereji wataelewa haraka. Maji yanaweza kujaa mferejini huku migomba inakauka, kama hakuna wa kuyafungulia yaingie shambani. Insulini ndiye mtu wa zamu anayefungulia maji. Ikikosekana au ikishindwa kazi, sukari hujaa kwenye damu huku mwili wenyewe una njaa. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anaweza kula sana na bado akakonda.

Maji yakizidi mferejini hufurika. Vivyo hivyo sukari ya damu ikipita takribani 10, figo hushindwa kuizuia nayo hutoka na mkojo, ikivuta maji mengi pamoja nayo. Hapo ndipo mgonjwa anapokojoa mara kwa mara, anapata kiu isiyokatika, na wazee wetu wanaona sisimizi wamekusanyika mahali alipokojoa. Tukumbuke kwamba sisimizi wakifika, sukari ilishapanda siku nyingi. Aidha, mtu mwenye sukari ya 8 au 9 ana mkojo usio na sukari, lakini huenda ana kisukari. Kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi kumwambia mtu kuwa yu salama.

2. AINA ZA KISUKARI

Kisukari cha aina ya kwanza huanza zaidi kwa watoto na vijana, ingawa chaweza kumpata mtu wa umri wowote. Kinga ya mwili huharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Mtu wa zamu hayupo kabisa. Mgonjwa huyu hawezi kuishi bila sindano za insulini kila siku. Si kosa la mzazi wala la mtoto, na hakikuletwa na pipi.

Kisukari cha aina ya pili ndicho kinachowapata walio wengi. Mtu wa zamu yupo, lakini milango imejaa tope, naye mwisho huchoka. Uzito mkubwa hasa tumboni, kutofanya kazi za mwili, umri na urithi wa ukoo huchangia. Huanza taratibu, na mtu anaweza kuishi nacho miaka kadhaa bila kujua.

Kisukari cha ujauzito hujitokeza wakati wa mimba na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua, lakini mama huyo hubaki katika hatari ya kupata aina ya pili baadaye. Viwango vya mjamzito ni vya chini kuliko vya watu wengine, kwa hiyo kamati isimpe majibu mezani. Kazi yake ni kumwelekeza kliniki ya wajawazito.

Hali ya nchi yetu imebadilika. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari ni chini ya mtu 1 kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulipata asilimia 9.1, yaani karibu mtu 1 kati ya 11. Makundi hayo mawili hayafanani kwa umri wala makazi, hivyo tusiyalinganishe kama vile tunapima kwa rula moja. Hata hivyo ujumbe unaonekana. Ugonjwa uliokuwa ukiitwa wa matajiri wa mjini sasa umekaa nasi kwenye mabenchi ya kanisa.

3. NAMBA MOJA, WATU WATATU

Tuchukue mfano. Jumapili baada ya ibada ya pili, watu watatu wanapimwa mmoja baada ya mwingine, na mashine inaonyesha 8.4 kwa kila mmoja. Je, wote wana hali moja?

Mtu wa kwanza ni kijana wa kwaya. Saa moja iliyopita amekunywa chai yenye sukari na maandazi matatu. Sukari ya mtu mzima wa afya inaweza kufika hapo muda mfupi baada ya mlo kama huo, kisha ikashuka. Namba yake haitoshi kusema lolote. Anachohitaji ni kurudi asubuhi nyingine kabla ya kula.

Mtu wa pili ni mama wa makamo aliyekuwa kwenye mfungo wa maombi. Tangu jana jioni hajala kitu, amekunywa maji tu. Namba ile ile ya 8.4 kwake ni kengele. Baada ya kufunga usiku kucha, sukari ilipaswa kuwa chini ya 6.1. Huyu anahitaji kwenda kituo cha afya au hospitali wiki hiyo, apimwe tena na kuthibitishwa, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Mtu wa tatu ni mzee wa kanisa anayetumia vidonge vya kisukari kwa miaka mitano. Amepata kifungua kinywa saa mbili zilizopita. Kwa mgonjwa aliye kwenye tiba, 8.4 baada ya chakula kwa kawaida ni habari njema. Lakini habari hiyo ina maana gani? Ina maana kwamba dawa inafanya kazi. Haina maana kwamba dawa haihitajiki tena. Paa likizuia mvua, hatuliezui kwa sababu ndani ni kukavu.

Kwa hiyo kabla ya kutamka kwamba namba ni nzuri au mbaya, mpimaji aulize maswali matatu: Umekula au kunywa nini, na lini? Unatumia dawa yoyote ya kisukari? Una dalili zozote? Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari pembeni ya namba. Namba isiyo na saa ya chakula ni kama risiti isiyo na tarehe.

4. VIWANGO VYA KUKUMBUKA

Hapa nchini mashine nyingi husoma kwa milimoli katika lita moja ya damu (mmol/l). Viwango hivi ni vya watu wazima wasio wajawazito.

Asubuhi, baada ya saa 8 au zaidi bila chakula (maji yanaruhusiwa):
- Chini ya 6.1: kawaida.
- 6.1 hadi 6.9: sukari imeanza kupanda, bado haijafikia kisukari.
- 7.0 au zaidi: huenda ni kisukari. Kipimo kirudiwe siku nyingine hospitalini ili kuthibitisha.

Wakati wowote wa siku:
- 11.1 au zaidi pamoja na dalili kama kiu, kukojoa sana na kukonda: aende hospitali siku hiyo hiyo.
- 11.1 au zaidi bila dalili: apewe rufaa, arudiwe kupimwa mapema.

Kwa anayetumia dawa ya kisukari:
- Chini ya 4.0: sukari imeshuka, asaidiwe papo hapo (tazama sehemu ya 5).
- Lengo la kila siku hupangwa na daktari wake kulingana na umri, aina ya dawa na magonjwa mengine.

Hospitali kubwa zina kipimo kingine kiitwacho HbA1c. Hiki huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na mgonjwa hahitaji kufunga. Kiwango cha asilimia 6.5 au zaidi huashiria kisukari. Hata hivyo kwa mwenye upungufu wa damu au selimundu kipimo hiki kinaweza kupotosha, hivyo mganga aelezwe mapema.

Wenye namba kati ya 6.1 na 6.9 wasipuuzwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wakipunguza uzito kidogo na kutembea kwa dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwa wengi wetu huko ni kwenda sokoni na kurudi kwa miguu, badala ya kupanda bodaboda.

5. HALI MBILI ZA HATARI

Sukari kushuka mno. Humpata hasa anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, akichelewa kula, akifanya kazi nzito, akinywa pombe, au akifunga. Hutetemeka, hutokwa jasho jingi, moyo humwenda mbio, husikia njaa kali, kisha huchanganyikiwa na kusema maneno yasiyoeleweka. Jirani asiyejua husema amelewa. Wengine husema amepagawa, wakaanza kumkemea pepo huku dakika zinapita.

Ikiwa anaweza kumeza, mpeni mara moja vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15. Asipopata nafuu, rudieni. Akizinduka vizuri, ale chakula. Ikiwa amepoteza fahamu, msimmiminie kitu chochote mdomoni kwa kuwa atapaliwa. Mlazeni ubavu na mtafute usafiri wa hospitali bila kungoja. Mkiwa na shaka kama sukari imepanda au imeshuka, na mgonjwa anaweza kumeza, mpeni sukari. Kijiko cha sukari hakitamuua mwenye sukari ya juu, lakini kinaweza kumwokoa mwenye sukari ya chini.

Sukari kupanda mno. Kwa watoto wenye aina ya kwanza jambo hili huweza kuua ndani ya siku chache. Mtoto hunywa maji kupita kawaida, hukonda, na yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Baadaye hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa haraka, na pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Dalili hizi hufanana na malaria kali au nimonia, na mtoto anaweza kutibiwa malaria hadi mwisho bila mtu kumpima sukari. Tunawaomba wanakamati wote walishike neno moja. Mtoto mgonjwa mwenye kiu na mkojo mwingi, mwombeni mganga ampime sukari. Tone moja la damu linatosha.

6. MAOMBI, MFUNGO NA DAWA

Tunaandika sehemu hii kwa upendo, kwa sababu wagonjwa wetu ni waumini wetu.

Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kupata insulini. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa na miezi tu ya kuishi, au pengine mwaka mmoja au miwili kwa kunyimwa chakula. Thompson aliishi miaka 13 zaidi. Mtoto wa leo anayesimamishiwa insulini, kwa sababu yoyote ile, anarudishwa nyuma ya mwaka 1922.

Kwa hiyo tunawaombea wagonjwa, na tunaendelea na dawa. Mambo haya mawili hayagombani. Mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa asimwambie mtu yeyote aache insulini au vidonge ili kuonyesha imani. Akitokea anayeshuhudia kwamba amepona, tumsindikize kliniki apimwe, na daktari ndiye apunguze dawa kama ipo sababu. Hatutakuwa tumeipunguza imani yake kwa kufanya hivyo.

Kuhusu mfungo wa Kwaresima na maombi ya siku nyingi, anayetumia dawa za kisukari aongee na kliniki kabla ya kuanza. Wengine watashauriwa wasifunge chakula kabisa. Tuwape nafasi ya kufunga vitu vingine, na tusiwafanye waone aibu. Vivyo hivyo kwa dawa za mitishamba. Anayezitumia amweleze daktari, wala asizifanye badala ya alizoandikiwa.

7. MAISHA YA KILA SIKU NYUMBANI

Mgonjwa wa kisukari hahitaji jiko lake peke yake. Chakula kinachomfaa kinaifaa familia nzima. Njia rahisi ni kugawa sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki, mayai au nyama, na robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Dona na makande hushibisha kwa muda mrefu kuliko ugali wa sembe. Soda na juisi za kopo ziwekwe mbali, kwani chupa moja ya soda ya kawaida ya ml 350 huweza kubeba zaidi ya vijiko saba vya chai vya sukari. Tunda lililiwe lenyewe badala ya kukamuliwa, na kwa kiasi.

Miguu ikaguliwe kila jioni. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, na mtu anaweza kukanyaga msumari, kung'atwa na panya usingizini au kuungua bila kusikia. Nyakati za baridi wazee wetu huota moto jikoni. Mwenye ganzi miguuni asiisogeze kwenye mafiga, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko. Avae viatu visivyobana, hata uani. Kidonda kidogo kisichopona kwa siku chache kipelekwe hospitali, kwa kuwa donda ndugu huanzia hapo, na mwisho wake mara nyingi ni kukatwa mguu. Macho na figo navyo vichunguzwe angalau mara moja kwa mwaka, na presha ipimwe kila mahudhurio.

Insulini isiyofunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu takribani wiki nne ikiwa mahali pa ubaridi, mbali na jua na moto. Nyumba isiyo na friji itumie chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaolowanishwa kila siku, juu kitambaa kibichi. Insulini ikae ndani ya mfuko mkavu uliofungwa. Ni ujuzi wa bibi zetu wa mtungi wa maji, nao unafaa.

8. KABLA YA KUWEKA MEZA: MAMBO MATANO KWA KAMATI

Katika mfano wa Msamaria Mwema, Luka sura ya 10, yule msafiri hakuishia kufunga majeraha njiani. Alimpeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akalipia, na akaahidi kurudi. Upimaji wa usharika nao uwe na nyumba ya wageni na ahadi ya kurudi.

Kwanza, kubalianeni na kituo cha afya kabla ya siku ya kupima: nani atawapokea wenye rufaa, siku gani, na gharama ni kiasi gani.

Pili, pangeni upimaji asubuhi mapema na watangazieni watu wiki iliyotangulia waje bila kula. Wanaotumia dawa za kisukari waambiwe wasikae na njaa kwa ajili ya foleni yetu; wao wapimwe wakiwa wamekula kama kawaida. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni na kukausha, maana ute wa embe au sukari ya maandazi kwenye kidole hupandisha namba.

Tatu, apime aliyefunzwa, na kila mtu achomwe kwa kisindano chake kipya. Vilivyotumika viingie kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali, visitupwe shimoni.

Nne, tunzeni siri. Namba isitamkwe kwa sauti mbele ya foleni, wala majina ya wagonjwa yasisomwe kwenye matangazo.

Tano, wekeni daftari, na ndani ya siku 14 mwanakamati amtembelee kila aliyepewa rufaa. Amefika? Alipata dawa? Nauli ilimshinda? Kazi ya kamati inapimwa kwa ziara hizi kuliko kwa urefu wa foleni.

9. NENO KWA MARAFIKI NA WAFADHILI WETU

Tunashukuru sana kwa mashine za kupimia sukari mnazotubebea. Ili zadi hiyo izae matunda, tunaomba mfahamu mambo machache.

Mashine hununuliwa mara moja, vijiti vya kupimia hununuliwa daima. Mtoto anayepima mara mbili tu kwa siku anahitaji vijiti 730 kwa mwaka. Kila aina ya mashine hukubali vijiti vyake tu, na vijiti huisha muda wake. Mashine ambayo vijiti vyake havipatikani katika maduka ya dawa ya mji wa karibu hugeuka pambo la kabati. Kabla ya kununua, tuulizeni ni aina gani inapatikana huku.

Mashine nyingi za Marekani husoma kwa miligramu katika desilita. Namba 126 kwenye mashine hiyo ni sawa na 7.0 kwenye mashine zetu. Ukigawa kwa 18 unapata ya kwetu. Mzee aliyezoea kuona 7 akiona 126 anaweza kuzimia kwa hofu kabla ya ugonjwa kumfikia. Tunapendelea mashine zinazosoma kwa mmol/l.

Mwisho, yapo mahitaji yasiyopigwa picha nzuri: nauli ya kwenda kliniki, viatu vya mwenye ganzi, mafunzo ya muuguzi wa zahanati, insulini ya mwezi ambao bohari imeishiwa. Mchango kwa mambo haya huonekana mdogo kwenye taarifa, lakini ndio unaoamua kama mtoto atamaliza shule ya msingi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika usharika wetu, tunamfahamu kila mtoto na kijana anayetumia insulini? Nani humtembelea?
2. Mara ya mwisho tulipopima sukari, wangapi walipewa rufaa, na wangapi tunajua kwa hakika kuwa walifika?
3. Mtu akianguka ibadani kwa kushukiwa na sukari, sukari ya kumpa iko wapi, na nani amefundishwa cha kufanya?
4. Kwenye sherehe zetu, anayeepuka soda hupewa nini?
5. Tunasema nini kwa mgonjwa aliyeacha dawa baada ya maombi?

KAZI YA ROBO IJAYO: Tarehe 14 Novemba kila mwaka ni Siku ya Kisukari Duniani, iliyowekwa kukumbuka siku aliyozaliwa Frederick Banting. Kila kamati ichague Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, ifundishe sehemu ya 3 na ya 5 ya somo hili kwa dakika 15 baada ya ibada, kisha ituletee kwenye ofisi ya miradi idadi ya waliopewa rufaa pamoja na idadi ya waliofika. Idadi zote mbili tafadhali.